Kuijua kirikuu kabla ya kuilaumu kwa petroli

Asubuhi kwenye soko la Ilala au la ndizi Mabibo, Dar es Salaam, magari madogo yanayosubiri mzigo ni yaleyale: Suzuki Carry yenye bodi nyuma, na nduguye Suzuki Every aliyefunikwa kama kasha. Zote mbili mtaani ni kirikuu. Sifa inayoziuza ni kwamba hazinywi mafuta, na mnunuzi akiishia hapo anakuwa ameelezwa nusu ya habari. Kirikuu hainywi ikiendeshwa kama kirikuu. Ikiendeshwa kama Hiace inakunywa vizuri tu, na injini inachoka mapema.

Sababu ni ukubwa wake. Japani inakotoka, gari la daraja hili limewekewa mipaka na sheria: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, na mzigo kilo 350 basi. Carry ya toleo la DA63T na Every ya toleo la DA64V, ambazo ni za kawaida sana barabarani kwetu, zina injini ya K6A ya cc 658, pistoni tatu, nguvu ya farasi karibu 50 kwa zile zisizo na tabo. Farasi hao hamsini wanatosha kazi, lakini hawana akiba. Chochote unachowaongezea, iwe mzigo, kasi, kiyoyozi au tairi lililopungua upepo, unakiona papo hapo kwenye petroli. Gari la cc 2000 linaweza kuficha makosa ya dereva. Hili haliwezi.

Anza kwa kukaa kwenye kiti injini ikiwa imezimwa. Kijiti cha indiketa kiko kulia kwa usukani, cha waipa kushoto. Aliyezoea gari la Ulaya atapangusa kioo kikavu wiki nzima kila anapotaka kukata kona. Ncha ya kijiti cha kulia ukiizungusha hatua moja unawasha taa ndogo, hatua ya pili taa kubwa. Kwenye matoleo mengi, chini ya dashibodi upande wa dereva, kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Wenye kirikuu wengi hawajawahi kukigusa. Kazi yake ni kuinamisha mwanga wa taa za mbele: 0 ni kwa gari tupu, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoshuka. Ukipakia nyuma pua ya gari inainuka na taa zinawapiga machoni wanaokuja, kwa hiyo sogeza hadi 2 au 3. Ukishusha mzigo rudisha 0, la sivyo utaendesha usiku ukiona mita chache tu za lami.

Washa swichi bila kupiga stata, taa za dashibodi ziwake zote. Ya betri na ya oili, zote nyekundu, zinapaswa kuzimika mara injini inapowaka. Taa ya oili inapima msukumo wa oili, haipimi kiasi kilichomo. Ikiwaka ukiwa barabarani, oili haifiki inakotakiwa, na hapo ni kusimama na kuzima, si kutafuta sheli ya mbele. Taa ya hendibreki inawaka pia mafuta ya breki yakipungua, kwa hiyo ikiwaka wakati hendibreki iko chini usiipuuze; mara nyingi inakuambia pedi zimekwisha au kuna mvujo. Baadhi ya kirikuu zina geji ya joto, nyingine zina taa mbili tu zenye alama ya kipimajoto. Ya bluu inawaka asubuhi injini ikiwa baridi kisha inazimika yenyewe. Nyekundu maana yake gari linachemsha. Hiyo ya bluu ikumbuke, kwa sababu kwenye suala la petroli ni shahidi mzuri kuliko fundi.

Kwa wenye fowili, yaani gari linaloweza kusukumwa na matairi yote manne, kitufe au kijiti cha 4WD ni cha matope, mchanga na majani yenye utelezi. Kwenye lami kavu kinafunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa, wakati kwenye kona matairi ya mbele yanahitaji kwenda mwendo mrefu zaidi. Matokeo yake usukani unakuwa mzito, matairi yanalika, na petroli inaisha kwa kazi isiyokuwepo. Wapo wanaoiacha imewashwa msimu wote wa mvua "kwa usalama". Washa unapoingia kwenye tope, zima ukigusa lami.

Radio haihusiani na mafuta, ila swali hili huulizwa kila mara: redio ya Japani ilitengenezwa kwa FM ya kuanzia 76 hadi 90, na stesheni nyingi za Tanzania ziko juu ya hapo. Haijaharibika. Inahitaji ekspanda ya kushusha masafa, au ibadilishwe.

Sasa gia, ambako ndiko pesa nyingi inakopotea.

Kirikuu ya mkono ina gia tano fupi. Ya kwanza ni ya kung'oa gari tu. Kwenye barabara tambarare bila mzigo, ingia ya pili ukifika kama 15, ya tatu kwenye 30, ya nne kwenye 45, ya tano ukivuka 55 au 60. Ukiwa na mzigo ongeza 5 hadi 10 kwa kila hatua. Nyingi hazina geji ya mizunguko ya injini, kwa hiyo sikio ndilo geji. Injini ya K6A inapenda kuzunguka, iliumbwa hivyo. Ukiiweka gia ya tano kwenye 40 huku umebeba saruji na ukakanyaga mafuta hadi sakafuni, bodi inatetemeka, sauti inakuwa nzito kama ya mtu anayekohoa, na gari haliongezi mwendo. Watu hufanya hivyo wakiamini gia kubwa ni kubana matumizi. Hapo akseleta imefunguliwa yote, kompyuta inamwaga petroli nyingi kuliko kawaida, na fimbo za pistoni pamoja na beringi zake zinapokea vishindo. Shuka gia moja, mguu uwe katikati, gari liende.

Kosa la upande wa pili ni kuivuta gia ya pili hadi injini ilie kama pikipiki ndipo uingize ya tatu. Ukweli uko katikati: kanyaga kwa uthabiti, kama nusu hadi robo tatu ya safari ya pedali, panda gia mapema kiasi, fika mwendo unaoutaka, kisha legeza mguu na uushike mwendo huo. Kujivuta polepole kutoka kwenye taa hadi 50 kwa kugusagusa pedali hakuokoi chochote. Unakaa muda mrefu zaidi kwenye gia ndogo.

Halafu kuna mtindo wa kutia frii, yaani kutoa gia gari likijiendea, kwenye mteremko. Ulikuwa na maana enzi za kabureta. Kirikuu zenye injekta zina kompyuta inayokata petroli kabisa pale gari linapotelemka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, kwa sababu matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia frii, injini inalazimika kujizungusha yenyewe, na inatumia petroli kwa hilo. Yaani frii inakula mafuta kuliko gia. Tena unabaki na breki peke yake. Anayeshuka mlima Kitonga, au kutoka Lushoto kupitia Soni kwenda Mombo kwenye zile kona, na mzigo mgongoni, aingie gia ileile ambayo angepandia. Breki za nyuma za kirikuu ni za dramu, na dramu zikipata moto pedali inakuwa laini chini ya mguu na gari halishiki. Otomatiki nayo ina 2 na L kwenye kijiti kwa kazi hiyohiyo, hazikuwekwa pambo.

Tukiwa kwenye otomatiki: Carry ya DA63T ya otomatiki ina gia tatu tu, na hiyo inaeleza kwa nini inapiga kelele sana barabara kuu na kunywa zaidi ya ile ya mkono. Baadhi ya Every za DA64V za otomatiki zina nne, na hizo zina kitufe cha ovadraivu. Taa ya O/D OFF ikiwa inawaka, gia ya nne imefungwa. Kuna watu wameendesha hivyo miezi bila kujua, kidole kiligusa kitufe siku moja na basi. Izime taa hiyo kwenye safari, iwashe tu unapopanda mlima au gari linapohangaika kati ya gia ya tatu na ya nne.

Mjini, kitu kinachookoa petroli kuliko vyote ni kutokusimama bila sababu. Gari lenye mzigo kulitoa sifuri hadi 40 ndiyo kazi kubwa kabisa ya injini ndogo. Ukiona taa nyekundu mita 200 mbele, toa mguu kwenye mafuta, liache gari kwenye gia lijipunguze lenyewe. Mara nyingi utafika taa ikiwa imegeuka na gari bado linatembea. Anayekimbilia taa nyekundu kisha akafunga breki ameubadilisha mwendo alioununua kwa petroli kuwa joto la pedi. Kwenye foleni acha nafasi ya kutosha mbele utambae na gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta, badala ya kuruka na kusimama. Foleni ikikwama kabisa kwa zaidi ya dakika moja, au unapakia sokoni, zima. Injini hii ikiwa silensa, yaani ikinguruma gari limesimama, inakula karibu nusu lita kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa ni zaidi.

Barabara kuu adui ni upepo. Every ni kasha lenye uso bapa na kimo cha karibu mita 1.9. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa kasi: kutoka 80 kwenda 100 unaongeza robo ya mwendo, lakini upepo unakusukuma nyuma zaidi ya mara moja na nusu. Juu ya hapo gia ya tano ni fupi, na kwenye 100 injini inazunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika. Kutoka Kibaha hadi Chalinze ukiwa 70 hadi 80 utachelewa dakika kadhaa tu nyuma ya aliyekwenda 100, na yeye ataingia sheli kabla yako. Keria ya juu isiyo na mzigo ing'oe. Turubai la Carry lifungwe likaze. Linalopepea ni parashuti.

Mzigo una hesabu rahisi. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji ya kilo 50. Gunia la viazi la lumbesa halina kipimo, ndiyo maana wenye kirikuu wanalichukia. Kila mtu anajua kirikuu zinabebeshwa mara mbili ya hapo na zinafika, lakini zinafikia kwenye klachi, beringi za nyuma na matairi, na kwa gia ya pili mahali pa ya tatu. Upangaji nao unabadilisha mambo. Vitu vizito viwe mbele, vikigusa ukuta wa kabini ya dereva, chini kabisa. Ukiweka uzito wote nyuma ya ekseli ya nyuma, gari linakuwa bembea: mbele panapanda, usukani unakuwa mwepesi ghafla, na kwenye kona yenye mvua pua inaenda inakotaka. Na ukimaliza kazi, shusha vile vinavyolala humo: jeki ya lori, minyororo, ndoo za mchanga, madumu ya maji. Kilo 60 za takataka kwenye gari la kilo mia saba hivi si kitu kidogo.

Tairi la asili ni 145R12, la kubeba mizigo, lenye alama ya 6PR au zaidi ubavuni. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa kPa, na mafundi wengi wa tairi wana geji ya psi. Kumbuka mbili tu: kPa 200 ni psi 29, kPa 240 ni psi 35. Ya nyuma huwa juu kuliko ya mbele. Pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa sababu tairi lililopata moto linaonyesha zaidi ya lilicho nacho. Tairi laini linajikunja kila mzunguko, na kujikunja huko kunalipwa na petroli. Utalijua pia kwa kuwa linalika kingo za pembeni na katikati linabaki. Wengine hufunga tairi la gari dogo la abiria kwa sababu ni rahisi kupatikana. Halina nguvu ya mzigo, na likiwa na kimo tofauti linaiongopea kilometa, ile geji ya mwendo na umbali. Tairi kubwa zaidi kwa asilimia 3 linafanya kilometa isome pungufu kwa kiasi hichohicho, na hesabu zako zote za matumizi zinakuwa za uongo.

Hesabu zenyewe zifanywe hivi. Jaza tangi hadi bomba la sheli lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Sifurisha kilometa ndogo ya safari, au andika ile kubwa. Fanya kazi kama kawaida hadi tangi lipungue nusu au zaidi, rudi sheli ileile, bomba lilelile ikiwezekana, jaza hadi lijikate. Gawa kilometa kwa lita. Tuseme umetembea km 212 na zimeingia lita 15.4: hiyo ni km 13.8 kwa lita. Rudia mara tatu kabla ya kuamini. Anayeweka shilingi 10,000 asubuhi na 5,000 jioni hawezi kujua gari lake linakula nini, anajua tu kwamba pesa imeisha. Isitoshe, pampu ya petroli iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli hiyohiyo. Tangi likiwa karibu na mwisho kila siku, pampu inachemka na kuvuta uchafu wa chini.

Kwa nini kujisumbua? Chukua kirikuu inayotembea km 80 kwa siku. Kwa km 14 kwa lita inatumia lita 5.7. Ikishuka hadi 11 inatumia 7.3. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni tofauti ya lita 40 kwa mwezi. Zidisha kwa bei elekezi ya EWURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta Tanzania, ya mwezi huo.

Oili ya injini hii haizidi sana lita 3, kwa hiyo kupungua nusu lita ni jambo kubwa. Injini iko chini ya viti vya mbele. Kuinua kiti kunachosha, na ndiyo maana watu hawapimi. Pima kila wiki gari likiwa sehemu tambarare. Ya 5W-30 au 10W-30 inaifaa. Ile nzito ya 20W-50 inayowekwa "kwa sababu gari ni la zamani" inaongeza uzito wa kuzunguka kila asubuhi. Kwa kazi ya mzigo na safari fupi, kilomita 5,000 badilisha na filta yake. K6A inatumia cheni ya taimingi, na oili chafu ndiyo inayoilegeza. Injini ya F6A ya matoleo ya kabla yake inatumia mkanda, kwa hiyo soma alama ya aina ya injini kabla hujanunua kipuri.

Hesabu ikianza kushuka bila kazi kubadilika, usikimbilie mashine ya kusoma kompyuta. Anza na visivyo na gharama. Upepo wa matairi. Kisha tembea km 5 bila kufunga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu: ile yenye moto kuliko wenzake ina breki inayobana, mara nyingi waya wa hendibreki umekwama au kalipa haijarudi. Kisha filta ya hewa. Ukiinyanyua juani na huoni mwanga, imekwisha, na kwa barabara za vumbi inakwisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kisha plagi tatu. Ikimisi moja umepoteza theluthi ya injini, na petroli isiyoungua inakwenda kuharibu ekzosi. Kila plagi ina koili yake, kwa hiyo hamisha koili inayoshukiwa kwenye plagi nyingine: tatizo likihama nayo, umempata mchawi.

Mwisho angalia ile taa ya bluu. Kirikuu ikichemsha, mafundi wengi hung'oa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, na kukuambia gari sasa limepoa. Limepoa kweli, linapoa mno. Maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini haifiki joto lake, na kompyuta, ikidhani bado ni asubuhi, inaendelea kuongeza petroli siku nzima. Taa ya bluu ikibaki imewaka baada ya dakika kumi za mwendo, au ikiwaka tena unaposhuka mteremko, muulize fundi thamostati iko wapi. Arudishe mpya, asafishe rejeta iliyoziba matope na wadudu, aangalie mfuniko wake na feni, aweke kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya bomba. Na ukiwa njiani nyekundu ikiwaka, kabla hujapata pa kuegesha, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na feni yake kwa kasi zote: inachukua joto la injini na kulileta kwako. Utatokwa jasho. Simama, zima, na mfuniko wa rejeta usiuguse hadi uweze kuushika kwa mkono mtupu.